Mama Miaka 41, Mtoto Gramu 2,140

Karatasi ya ruhusa ya kutoka hospitali ina mistari michache. Mtoto wa kike. Gramu 2,140. Upasuaji. Mama miaka 41, mimba ya kwanza. Kwenye mstari wa sababu ya uzito pungufu, mtu ameandika kwa kalamu ya bluu neno moja: umri.

Kisanduku cha wiki za mimba kiko wazi.

Karatasi za namna hii ni nyingi, ila hii imenikaa kichwani wiki kadhaa. Hakuna aliyedanganya. Ni kweli kwamba wanawake wanaojifungua baada ya miaka 35, na zaidi baada ya 40, hupata watoto wa chini ya gramu 2,500 mara nyingi kuliko wenzao wa miaka 25. Kinachoniumiza ni jinsi neno lile lilivyofunga mazungumzo. Umri haupunguzwi na kidonge. Mama akishaambiwa "ni umri wako, mama", anaondoka na lawama mkononi, na mkunga atakayempokea kwa mimba ijayo hana pa kuanzia.

Kile kisanduku kitupu kilikuwa na majibu mengi kuliko neno lililoandikwa.

## Mizani kwanza

Nitapita hapa haraka, lakini siwezi kuruka. Uzito wa kuzaliwa ni ule unaopimwa mapema, ndani ya saa ya kwanza inapowezekana, kabla maji ya mwili hayajaanza kupungua. Kitambaa kinawekwa kwenye mizani kwanza, mizani inarudishwa kwenye sifuri, ndipo mtoto analazwa akiwa mtupu. Mizani ya kidijitali husoma kwa gramu 5 au 10. Ile ya kuning'iniza ina alama za gramu 100, na jicho lililochoka saa kumi alfajiri huchagua alama iliyo karibu.

Ndiyo maana ukifungua rejista za leba utakuta 2,500, 3,000 na 3,500 zimepangana. Watoto hawazaliwi hivyo. Na mpaka wa uzito pungufu ni chini ya 2,500, kwa hiyo mtoto wa gramu 2,460 akipandishwa hadi 2,500 anatoka kwenye orodha ya wanaopaswa kuangaliwa kwa karibu. Gramu 40 za kalamu zinamnyima uangalizi.

## Amewahi, au hakukua?

Gramu 2,140 ni namba moja yenye watoto wawili tofauti ndani yake.

Wa kwanza amezaliwa wiki ya 34. Kwa wiki hizo uzito wake ni wa kawaida kabisa. Alikuwa anakua vizuri, ametoka mapema. Wa pili amezaliwa wiki ya 38. Amekaa muda wake wote tumboni na hakupata chakula cha kutosha. Chanzo cha yule si chanzo cha huyu, hatari zao zinatofautiana, na mimba ijayo ya mama zao haifuatiliwi kwa namna moja. Ukiandika "uzito pungufu, umri" umewachanganya wote wawili.

Kama tarehe hazijulikani, mtoto mwenyewe anaeleza mengi. Mkunga mzoefu anahitaji dakika chache tu, taa na mikono yenye joto:

Geuza nyayo. Aliyewahi ana nyayo laini, mistari yake michache iko upande wa vidole. Aliyetimiza muda ana mistari hadi kisiginoni. Kunja sikio taratibu kisha uliachie: la aliyewahi hubaki limekunjika au hurudi kivivu, la aliyetimia huruka kurudi mahali pake. Tazama mgongo na mabega, kwa aliyewahi utakuta malaika, yaani vinyweleo vingi laini. Gusa chuchu, kwa aliyetimia kuna kijivimbe kinachoshikika chini yake. Kwa wa kiume, tazama kama korodani zimeshuka.

Sasa yule aliyekosa chakula tumboni. Macho yamefunguka, yanaangaza huku na huku. Ngozi imekauka, inamenyuka viganjani na kwenye nyayo. Mapaja yana ngozi iliyolegea kana kwamba nguo ni kubwa kwake. Kitovu chembamba. Kichwa kinaonekana kikubwa kwa kuwa mwili umepungua, chenyewe ni cha kawaida. Huyu hunyonya kwa nguvu, na hapo ndipo anapowaponza watu. Wanasema "huyu yuko sawa", anaachwa saa nne au tano bila kunyonya, sukari inashuka, mwili unapoa, na hakulia hata mara moja.

Yule aliyewahi hatari yake huonekana mapema zaidi: kupumua kwa shida, kuchoka akinyonya, kusahau kupumua usingizini.

Mstari mmoja tu kwenye karatasi, "wiki 38, hakukua" au "wiki 34, amewahi", ungembeba mama huyu mbali sana.

## Hedhi iliyokatika

Kwa nini basi kisanduku huachwa wazi, na hasa kwa mama mwenye umri mkubwa? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Mwanamke wa miaka 42 hedhi inapomruka, wazo la kwanza si mimba. Huenda mzunguko wake umeyumba mwaka mzima: siku 24 mwezi huu, 50 mwezi ujao. Dada zake wameshaacha kuona siku zao. Anajiambia muda wake umefika. Kichefuchefu anakiita vidonda vya tumbo, uchovu anauita presha. Anayezaa kitinda mimba akiwa na wajukuu nyumbani ana aibu yake pia. Hataki kukaa kwenye benchi moja na mkwewe. Tumbo linapoonekana ni mwezi wa tano au wa sita.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12 kwisha, na altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Huyu anafika wiki ya 26, bila tarehe ya hedhi ya mwisho.

Anatumwa altrasaundi. Altrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo inakosea siku tano hadi saba tu. Ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea hadi wiki tatu, kwa sababu inakadiria umri kwa kupima ukubwa wa mtoto. Hebu fikiri maana yake kwa mtoto aliyedumaa. Ana wiki 34, amekua kama wa 31. Mashine inapima kichwa, tumbo na paja, inaandika wiki 31. Karatasi inasema mtoto yuko sawa kabisa kwa umri wake.

Kudumaa kwake kumefutwa na kipimo kile kile kilichopaswa kukuonyesha.

Dawa yake ni kupima mara mbili. Mama aliyechelewa asipimwe mara moja akaachwa. Arudi baada ya wiki tatu hivi, na kinachotazamwa ni ongezeko. Mtoto mwenye afya, hata kama tarehe zake zimekosewa, ataongezeka kama anavyopaswa. Aliyedumaa mstari wake unalala, na mduara wa tumbo hubaki nyuma kuliko kichwa, kwa kuwa ini lake limekosa akiba.

## Upasuaji wa mtoto wa thamani

Makosa ya tarehe yana upande wa pili, na huu ndio ulionigeuza mawazo.

Mama wa miaka 41, mimba ya kwanza, pengine baada ya miaka ya kuhangaika kutafuta mtoto. Kila mtu wodini anamwita mtoto huyo wa thamani. Hakuna anayetaka kungoja uchungu. Upasuaji unapangwa "wiki ya 37", wiki zilizohesabiwa kwa altrasaundi ya mwezi wa saba. Kama kipimo kilizidisha wiki mbili au tatu, anayetolewa ni mtoto wa wiki 34 au 35. Gramu 2,140. Anapumua kwa shida, anapelekwa chumba cha watoto njiti, na kwenye karatasi inaandikwa: umri.

Safari hii umri wa mama ulimfikia mtoto kupitia hofu yetu sisi.

Sisemi hofu haina msingi. Hatari ya mtoto kufia tumboni mwishoni mwa mimba huongezeka kwa mama wa miaka 40 na kuendelea, na ndiyo sababu wataalamu wengi hushauri asivushwe mbali na wiki ya 39 au 40. Lakini wiki ya 39 ina maana pale tu ulipojua wiki ya 12 ilikuwa lini. Kama hakuna presha, hakuna kutoka damu, mtoto anacheza na anaongezeka, tarehe zenye shaka ni sababu ya kupima tena kabla ya kushika kisu. Na kama lazima atolewe kabla ya wiki 34, kuna sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Nazo zinadai wiki zijulikane.

## Umri unaleta nini hasa

Kondo la nyuma hujijenga kwa kufungua mishipa midogo ya ukuta wa kizazi, kuifanya mipana na tepetevu ili damu imiminike bila kizuizi. Kazi hii hufanyika mwanzoni, na kufikia wiki ya 20 hivi imekwisha kwa sehemu kubwa. Mishipa iliyokakamaa kwa presha au kisukari cha muda mrefu haifunguki vizuri. Mtoto hupata kidogo, na mwili wa mama hujibu kwa presha kupanda. Priklampsia (presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba) na mtoto mdogo mara nyingi hutoka kwenye chungu kimoja.

Kwa hiyo la kumuuliza mama wa miaka 41 ni alikuja na nini. Presha ya siku nyingi? Sukari? Figo? Uvimbe kwenye kizazi? Mapacha? Mapacha wasiofanana huongezeka kwa wanawake wa miaka 35 hadi 39 hata bila tiba ya uzazi, kwa sababu ubongo husukuma mayai kwa homoni nyingi zaidi na wakati mwingine hupevuka mawili. Na zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa chini ya gramu 2,500.

Kuna jambo ambalo kliniki zetu hulisahau mara kwa mara: dawa ambazo mama alikuwa anatumia kabla. Mwanamke wa miaka 25 huja bila kidonge chochote. Wa miaka 41 anaweza kuwa na dawa za presha kama losatani, enalaprili au atenololi kwenye mkoba. Losatani na enalaprili huumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Atenololi inahusishwa na watoto wadogo. Zote zinatakiwa kubadilishwa mapema kuwa methildopa, nifedipini ya kutoka taratibu au labetaloli, kwa mkono wa daktari, na mama asiache dawa mwenyewe akabaki na presha 170. Swali "unatumia dawa gani?" mara nyingi halitoshi, maana mama huona dawa ya presha ni kitu cha kila siku kama chumvi. Aambiwe aje na paketi zenyewe.

Kisha tuwatenganishe wanaozaa kifungua mimba wakiwa na miaka 38 na wale wa kitinda mimba wakiwa na 43. Sisi huwaweka wote fungu moja.

Wa kitinda mimba, tuseme mtoto wa saba, ana deni la damu. Mimba zimefuatana, chuma kimekwisha, pengine minyoo imo. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni hatari. Kidonge cha chuma chenye miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, kila siku, na kisimezwe na chai. Chai ya rangi na ya maziwa zote hukizuia, hivyo aache walau saa moja kati yake. Dawa ya minyoo mara moja baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Wa kifungua mimba ana deni lingine, na kwa wanaoishi Pwani, Kigoma na kanda ya ziwa ni kubwa. Kinga ya malaria ya kondo haiji na umri. Vimelea vinavyojificha kwenye kondo vina mbinu yao ya kunata humo, na mwili wa mwanamke huvijua baada ya kubeba mimba. Mwanamke aliyekulia Muleba, akaugua malaria mara nyingi utotoni, akifika miaka 38 bila kubeba mimba, kondo lake ni geni kwa malaria sawa na la binti wa miaka 18. Naye hujiona mtu mzima aliyeizoea homa. Anahitaji vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, kwa mpigo kuanzia wiki ya 13, kila baada ya mwezi, walau mara tatu, na chandarua. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrini) hapewi SP. Na foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, kwa hiyo mjamzito atumie ile dozi ndogo.

## Finland

Mwaka 2017 mtafiti Alice Goisis na wenzake walichapisha uchambuzi wa rejista za watu wa Finland ulionitia shaka kwa siku nyingi. Walifanya jambo rahisi. Badala ya kumlinganisha mama wa miaka 40 na mwanamke mwingine wa miaka 25, walilinganisha watoto wa mama mmoja, aliyezaliwa mama akiwa kijana na aliyezaliwa mama akiwa mtu mzima. Kati ya familia na familia, umri mkubwa uliambatana na uzito pungufu na kuwahi kuzaliwa. Ndani ya familia moja, uhusiano huo ulififia.

Yaani wanaozaa wakubwa wana mambo mengine yanayowatofautisha, na umri hubeba tu jina lao.

Nilitamani kuishia hapo, kwa sababu hoja yangu ingekaa vizuri. Haikai. Kwanza, kuharibika kwa mimba na matatizo ya kromosomu huongezeka na umri, hilo halina ubishi. Pili, kwenye utafiti wa namna hii mama mwenye watoto wawili au zaidi ndiye anayehesabika. Aliyepata mmoja tu akiwa na 41 hayumo kwenye ulinganisho. Tatu, Finland si Kibondo. Tangu 1949 kila mjamzito wa Finland, tajiri na maskini, hupata posho ya uzazi au lile sanduku maarufu la vifaa vya mtoto, kwa sharti kwamba amepimwa kabla mwezi wa nne haujakwisha.

Sharti hilo lilinirudisha kwenye hedhi iliyokatika. Mama wa Finland akizeeka kati ya mtoto wa kwanza na wa tatu, presha yake inaonekana mwezi wa tatu. Wa kwetu inaonekana mwezi wa saba, miguu ikiwa imeshavimba. Umri ni ule ule. Nadhani utafiti ule unatuambia ni kiasi gani cha madhara ya umri kinaweza kuzibwa, kwa nchi inayofika mapema.

## Kidonge chenye muda wake

Kufika mapema kuna faida gani hasa? Mfano ulio wazi ni aspirini ndogo.

Ni miligramu 75 kwa siku, wengine hutoa hadi 150, inamezwa usiku. Inaanzwa baada ya wiki ya 12, vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16, na Shirika la Afya Duniani linashauri kabla ya wiki ya 20. Sababu ni ile kazi ya mishipa niliyoieleza. Ikishapita, kidonge hakina cha kufungua. Katika jaribio la ASPRE, lililochapishwa 2017, wanawake waliokuwa kwenye hatari kubwa walipewa miligramu 150 hadi wiki ya 36. Waliopata priklampsia kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Nani apewe? Mwenye jambo moja zito: presha ya muda mrefu, priklampsia ya mimba iliyopita, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe). Au mwenye mawili ya wastani, na hapa ndipo mama zetu wanapoangukia: miaka 40 na zaidi, mimba ya kwanza, zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita, unene mkubwa, mapacha, mama au dada aliyewahi kupata priklampsia. Yule wa miaka 41 mwenye mimba ya kwanza alikuwa na mawili kabla hata hajapimwa.

Kinachoharibika ni hiki: dukani kuna aspirini ya miligramu 300, ile ya maumivu. Anauziwa hiyo, anameza nzima. Au anaambiwa na jirani kwamba aspirini inatoa mimba, anaacha. Mwenye vidonda vya tumbo au mzio asianze bila daktari. Na kama chakula chake hakina maziwa wala dagaa, kalsiamu ya gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, imegawanywa mara tatu, isimezwe wakati mmoja na kidonge cha chuma.

Presha nayo ipimwe ipasavyo. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongeleshwe. Mkono mnene kwenye kitambaa kidogo husoma juu kuliko ukweli. 140/90 inarudiwa siku hiyo hiyo. 160/110 haipewi tarehe ya kurudi.

## Utepe na uvimbe

Kuanzia wiki ya 24, urefu wa tumbo unaopimwa kwa utepe, kwa sentimita, unakaribiana na wiki. Ukipungua zaidi ya tatu, au mahudhurio mawili yakisoma namba ile ile, atumwe altrasaundi.

Kwa mama mkubwa utepe una mtego. Uvimbe kwenye kizazi huongezeka na umri, na uvimbe wa sentimita nane unajaza nafasi ambayo mtoto hakuijaza. Utepe unasoma 34, kila mtu anafurahi. Mwenye uvimbe au mwenye tumbo nene asitegemewe kwa utepe. Apimwe kwa mashine zaidi ya mara moja, na mpimaji aandike kondo limejishikiza wapi. Uvimbe mwingi haumsumbui mtoto. Unaohitaji jicho ni ule mkubwa ulio chini ya kondo lenyewe.

## Akishazaliwa

Kifuani, ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku kwa kila mtoto wa chini ya gramu 2,500, kuanzia mapema iwezekanavyo. Jaribio lililochapishwa 2021, Muhimbili ikiwa miongoni mwa hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lilianza huduma hii ya kifuani, ya kangaruu, mara baada ya kuzaliwa kwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 bila kungoja watulie. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa walioanza kama ilivyozoeleka.

Lakini mama wa miaka 41 aliyetoka upasuaji, presha 150, dripu ya magneziamu ya kuzuia kifafa mkononi, hawezi kumbeba siku ya kwanza. Basi abebe baba. Abebe shangazi, bibi, yeyote mwenye kifua safi na chenye joto. Wodi inayomrudisha baba mlangoni inamnyima mtoto saa zake bora.

Maziwa ya mama huyu yanaweza kuchelewa hadi siku ya tatu au ya nne. Akamue kwa mkono kuanzia saa ya kwanza au ya pili, kila baada ya saa tatu, usiku pia, hata kama ni matone. Hesabu ya siku ya kwanza kwa mtoto asiyeweza kunyonya vya kutosha: mililita 60 kwa kila kilo. Gramu 2,140 ni takriban mililita 128 kwa siku; ukigawa mara nane ni 16 kila mlo, kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameinuliwa na anaramba mwenyewe. Asimiminiwe. Kila siku inaongezwa mililita 20 hadi 30 kwa kilo, hadi 150 au zaidi.

Uzito utashuka kwanza, hadi asilimia 10, na urudi kufikia siku ya 10 hadi 14. Baada ya hapo gramu 20 hadi 30 kwa siku. Joto 36.5 hadi 37.5. Kuoga kusubiri walau siku nzima.

## Siku ya 42

Siku 42 baada ya kujifungua, mama anarudi kliniki na mtoto. Mtoto anapimwa, anachanjwa, kadi inajazwa. Mama anaulizwa kama ananyonyesha.

Mkono wake haufungwi kitambaa cha presha.

Mwanamke aliyepata priklampsia, au aliyezaa mtoto aliyedumaa kwa sababu ya kondo, ana uwezekano mkubwa zaidi wa presha ya kudumu, kiharusi na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele. Kwa wa miaka 22 miaka hiyo iko mbali. Huyu ana 41. Presha ikibaki 140/90 baada ya wiki 12, hiyo si ya mimba tena, anahitaji dawa yake na kupimwa figo na sukari.

Siku hiyo hiyo azungumziwe uzazi wa mpango, na asipewe vidonge vyenye estrojeni akiwa na presha. Kijiti au kitanzi vinamfaa. Na kama anataka mtoto wa pili, asiambiwe tu asubiri miaka miwili kama wanavyoambiwa mabinti, maana kwake miaka miwili ni mingi, ingawa kubeba tena ndani ya miezi sita kunaongeza hatari ya mtoto mdogo. Wapange naye: presha ishuke, dawa zibadilishwe kabla ya kushika mimba, na hedhi ikichelewa wiki moja anunue kipimo cha mkojo, hata kama dada zake wote wameshaacha kuona siku zao.